Nani Amfundishe Mtoto Kuogelea?

Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi wa Kiyahudi, ina orodha ya mambo ambayo baba anadaiwa na mwanawe. Amtahiri, amfundishe Torati, amwoze, amfundishe kazi ya kumpatia riziki. Mwishoni mwa orodha wapo waliosema liongezwe jambo moja: amfundishe kuogelea. Sababu waliyoitoa ni fupi, kwamba uhai wa mtoto huenda siku moja ukategemea hilo. Waislamu nao wamerithi usia unaonasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab, wa kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga mshale na kupanda farasi. Wagiriki wa kale walikuwa na msemo wa kumdharau mtu asiyejua kusoma wala kuogelea, na Plato akautia katika kitabu chake cha Sheria, kwa maana kwamba herufi na maji ni elimu za mwanzo kabisa.

Nimeziweka mila hizi bega kwa bega kwa sababu zinakubaliana katika jambo ambalo sisi tumelisahau. Kwao kuogelea ni sehemu ya malezi, kama kumfundisha mtoto kula na kusema. Lakini ukisoma vizuri unaona pia kwamba zote zinachukulia jambo ambalo halisemwi wazi: kwamba mzazi mwenyewe anajua. Baba asiyejua kuogelea hana cha kurithisha. Mama aliyekatazwa kuingia majini hana cha kumwonyesha bintiye. Elimu inayopita mkono kwa mkono hukatika pale mkono mmoja unapokuwa mtupu, na huwaacha nje wale ambao hakuna aliyewanyooshea mkono tangu mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kila ninapofuatilia ni nani hasa hao, nakutana na jambo lilelile. Wanaozama zaidi ni wale ambao mafunzo hayakuwafikia, na mara nyingi kuna historia inayoeleza kwa nini hayakuwafikia.

Tuanze nyumbani, Unguja. Jioni pale Forodhani wavulana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, huku watu wakisimama kuwatazama. Hakuna aliyewaandikisha darasa. Mkubwa alimvuta mdogo, mdogo akamwita rafiki yake, na bahari ikamaliza kazi. Ni elimu ya kweli, na imewalea mabaharia na wavuvi wa mwambao kwa karne nyingi. Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto hufundishwa kwa kutupwa majini, na anayeshindwa hana wa kumhesabu. Ya pili ni kubwa zaidi: msichana hayumo.

Binti wa Kizanzibari anaweza kuzaliwa akisikia mawimbi na kuzeeka akiyasikia bila kuwahi kuelea. Sababu zinajulikana: stara, mavazi, woga wa maneno ya watu, na kazi za nyumbani zinazomfanya asiwe na jioni ya kuchezea ukutani. Hata hivyo bahari inamwita kwa njia nyingine. Wakulima wengi wa mwani visiwani ni wanawake. Huingia maji yakipwa, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, na hutoka maji yanapoanza kujaa. Kwa muda mrefu kazi hiyo haikudai zaidi ya kutembea ndani ya maji ya magoti au kiuno. Joto la bahari lilipopanda, mwani wa maji madogo ukaanza kuoza, hasa aina yenye bei nzuri, na ikabidi kuuhamishia kwenye kina ambako maji hayapati moto sana. Wanawake ambao mila iliwaweka mbali na kuogelea wakajikuta riziki inawasogeza kwenye kina. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika habari nzima ya pwani: hatari ilibadilika, na mafunzo yakabaki pale pale.

Kaskazini mwa kisiwa, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana na wanawake kuogelea, kuelea na kuokoana, wakiwa wamevaa vazi refu la kuogelea linalositiri mwili mzima. Picha za mpigapicha Anna Boyiazis, zinazowaonyesha wasichana wa Shule ya Msingi Kijini wakiwa baharini, zilipata tuzo katika shindano la World Press Photo mwaka 2018. Dunia ilizisifu kwa uzuri wake. Mimi nazisifu kwa jambo jingine. Mradi ule haukumtaka msichana achague kati ya dini yake na uhai wake. Ulikuta kizuizi ni nguo, ukaleta nguo.

Ajabu ni kwamba Uholanzi, nchi iliyochanwa na mifereji kila upande, imefika kwenye nguo kwa njia nyingine kabisa. Huko mtoto hapewi diploma ya kwanza ya kuogelea, diploma A, mpaka aonyeshe kwamba anaweza kuingia majini na kuogelea akiwa amevaa nguo na viatu. Hoja yao ni ya mtu mzoefu wa maji: mtoto anayetumbukia mfereji hakupata nafasi ya kuvua shati. Kwa hiyo vazi la stara, ambalo wengine huliona kama kikwazo, linamweka msichana wa Kijini karibu zaidi na hali ya ajali halisi kuliko mtoto anayejifunza bwawani na kichupi. Niongeze kwamba hata Uholanzi mlolongo umeanza kulegea. Tangu kuogelea shuleni kuache kuwa lazima mwaka 1985, familia nyingi hulipia wenyewe, na watoto wa maskini na wa wahamiaji ndio wanaobaki bila diploma.

Mahali ambapo elimu hii ilikatwa kwa makusudi, na kwa mabavu, ni Marekani, ingawa habari yenyewe inaanzia Afrika. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees alichapisha maelezo ya Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, na humo aliwasifu wenyeji kwa ustadi wao wa kuogelea na kupiga mbizi. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu Undercurrents of Power cha mwaka 2018, amekusanya ushahidi mwingi wa namna hiyo na kuonyesha kwamba zama zile Waafrika wa pwani na mito walikuwa waogeleaji hodari kuliko Wazungu wengi, ambao hawakujua kuogelea kabisa. Wakoloni wa Kihispania waliujua ustadi huo na wakautumia: Waafrika waliofanywa watumwa walipelekwa Karibiani kuzamia lulu. Basi wanaosema kwamba mtu mweusi na maji havipatani wanasema kinyume cha kumbukumbu zote za kale.

Kilichotokea baadaye kina tarehe. Julai 27, 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea katika Ziwa Michigan, Chicago, akavuka mpaka usioandikwa uliotenga ufukwe wa weupe. Alipigwa mawe na akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Miongo iliyokuja miji ya Marekani ilijenga mabwawa makubwa ya umma, na Wamarekani weusi wakafungiwa nje, au wakapewa bwawa moja dogo na bovu. Juni 21, 1949, mji wa St. Louis uliporuhusu watu wote katika bwawa la Fairground Park, umati wa weupe uliwavamia vijana weusi waliokuja kuogelea. Mji wa Jackson, Mississippi, ulifunga mabwawa yake kuliko kuyaacha yatumiwe na wote, na mwaka 1971, katika kesi ya Palmer dhidi ya Thompson, Mahakama ya Juu ikasema hilo halikuvunja katiba.

Sheria za ubaguzi zilifutwa, lakini mkono mtupu hauna cha kupokeza. Mama aliyezuiwa langoni akiwa mtoto alimwambia bintiye akae mbali na maji, kwa upendo na kwa hofu ya haki, na binti akamwambia mwanawe vivyo hivyo. Utafiti wa taasisi ya chama cha kuogelea cha Marekani umeonyesha kwamba mzazi asipojua kuogelea, mtoto wake ana nafasi chini ya moja kati ya tano ya kujifunza. Leo, kwa takwimu za kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 ya wenzao weupe. Mwaka 2010, huko Shreveport, Louisiana, vijana sita weusi walizama pamoja katika Mto Red. Mwenzao aliteleza kwenye kina, nao wakaingia kumwokoa. Ndugu zao watu wazima walikuwa ukingoni wakipiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Cullen Jones, aliyeshinda dhahabu ya kupokezana katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alinusurika kuzama akiwa na miaka mitano, na mama yake akampeleka kujifunza. Baada ya ushindi alizunguka miji ya Marekani akiwashawishi wazazi weusi wafanye kama mama yake. Ni kazi njema na ninaiheshimu. Lakini inamtegemea mzazi shujaa mmoja mmoja, na wapo wazazi ambao hawana nauli ya kufika bwawani.

Kwa hiyo swali la marabi linarudi likiwa limegeuka. Baba asipoweza kulipa deni hili, nani alipe badala yake? Jibu bora nililowahi kuliona limetoka Bangladesh.

Bangladesh ni nchi ya maji yaliyotulia karibu na mlango. Kaya nyingi vijijini zina dimbwi la kufugia samaki, kuogea na kuoshea vyombo, hatua chache kutoka jikoni. Watafiti wa kituo cha CIPRB, kinachoshughulikia kuzuia majeraha, walipochunguza vifo vya watoto waliona kwamba wengi walizama katika madimbwi hayo hayo, asubuhi, kati ya saa tatu na saa saba, wakati mama anapika, anafua au yuko shambani. Wakatambua kwamba mtoto wa miaka miwili hahitaji darasa la kuogelea. Anahitaji mtu wa kumtazama saa zile. Wakaanzisha vituo vya malezi viitwavyo anchal, katika nyumba za kijijini, chini ya mwanamke wa kijiji hicho hicho aliyefundishwa na kulipwa. Watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano hukaa hapo asubuhi, siku sita kwa juma.

Kwa wakubwa zaidi, kuanzia miaka minne, wakaunda mafunzo ya SwimSafe. Hawakungoja bwawa la vigae. Walichukua dimbwi la kijiji na kuzamisha ndani yake jukwaa la mianzi lenye uzio, ili mtoto asimame maji yakiwa kifuani, asiweze kupotelea kwenye kina. Walimu ni vijana wa hapo hapo. Mwisho wa mafunzo mtoto huogelea mita 25 na kujimudu kwenye kina bila kushika kitu, na amefundishwa kumwokoa mwenzake kwa kumpa fimbo, kamba au kitambaa kutoka ukingoni. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Shreveport ilionyesha kinachotokea watoto wanapoingia majini mmoja baada ya mwingine kwa huruma.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Watoto waliokuwa katika anchal walipungukiwa na hatari ya kufa maji kwa takriban asilimia 82 wakilinganishwa na wasiokuwamo, na waliohitimu SwimSafe kwa takriban asilimia 93. Chanjo nyingi zingefurahia matokeo hayo. Mwaka 2022 serikali ya Bangladesh ikaidhinisha mpango wake wa vituo vya malezi na mafunzo ya kuogelea, vituo 8,000. Mwaka mmoja kabla, kwa azimio lililoongozwa na Bangladesh pamoja na Ireland, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitangaza Julai 25 kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji.

Ukilinganisha na usia wa kale, utaona kilichohama. Deni limetoka kwa baba likaenda kwa kijiji, na mlezi mkuu amekuwa mwanamke. Na kinachofundishwa kimepungua hadi kiini chake: uangaliwe ukiwa mdogo, uelee ukiwa mkubwa, umwokoe mwenzako bila kuzama naye.

Japani ilichukua njia ya serikali. Mei 11, 1955, kivuko cha Shiun Maru kiligongana na meli nyingine katika ukungu wa Bahari ya Ndani ya Seto. Watu 168 walikufa, na kati yao 100 walikuwa wanafunzi waliokuwa katika safari ya shule. Julai 28 mwaka huo huo wasichana 36 wa shule moja walizama ufukweni Tsu wakiwa katika somo la kuogelea. Nchi ilikuwa bado inajiinua kutoka vitani, lakini wazazi na walimu wakadai, na kwa miongo iliyofuata mabwawa yakajengwa katika shule nyingi na kuogelea kukawa somo la kawaida, kwa wavulana na wasichana, kwa mtoto wa mvuvi na wa waziri. Leo watoto hufundishwa pia kuelea wakiwa na nguo na viatu, wakikumbatia chupa tupu ya plastiki kifuani, chali, wakisubiri msaada.

Siwezi kusoma habari ya Shiun Maru bila kuwaza MV Bukoba, iliyopinduka Mei 21, 1996, katika Ziwa Victoria, ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa. Ikafuata Spice Islander usiku wa Septemba 10, 2011, kati ya Unguja na Pemba, ambako walionusurika walielea juu ya magodoro hadi asubuhi, kisha MV Skagit mwaka 2012, kisha MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, watu 228. Kila mara bendera zilipepea nusu mlingoti, na tume zikachunguza uzito wa mizigo na idadi ya abiria, jambo ambalo ni haki kabisa. Kuogelea kusingemsaidia aliyenaswa ndani ya chumba cha meli. Lakini Japani iliuliza pia swali la pili, kuhusu watoto waliotupwa majini wakiwa hai. Sisi tuliliuliza kwa huzuni, hatukuliweka katika mitaala na bajeti.

Vilevile vivuko vinatuficha jambo. Watoto wa kanda ya ziwa hawafi zaidi katika ajali zinazotangazwa redioni. Wanakufa mmoja mmoja: kwenye lambo la ng'ombe, kwenye shimo la mchanga lililojaa mvua, ufukweni wakiteka maji. Wanakufa kimya. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, na wengi tunangoja kuona kutapatapa huko ndipo tukimbilie. Mtoto mdogo mara nyingi hana hata pumzi ya kupiga kelele. Kichwa huzama na kuibuka, kisha hakiibuki. Mama aliyegeuka kusuuza sufuria hasikii kitu.

Je, ya Bangladesh yanawezekana Ukerewe au Magu? Kuna kizuizi halisi ambacho wapenda kuogelea wa mbali hawakijui: kichocho. Maafisa wa afya wamewaambia watoto kwa miaka mingi wasiingie maji ya ukingoni yenye majani, kwa kuwa konokono wa humo hubeba ugonjwa, na wamesema kweli. Mamba nao wapo sehemu nyingine. Basi darasa la ziwani linahitaji mahali palipochaguliwa na mtu wa afya, palipo wazi bila magugu, penye uzio, na watoto wapate dawa ya kichocho ambayo tayari hugawiwa shuleni. Pia maji ya ziwa hayana chumvi ya kumwinua mwogeleaji kama bahari; mtoto wa Mwanza hutakiwa kujua kujaza kifua, kulaza kichwa nyuma hadi masikio yaingie majini, na kutandaza mikono, mapema kuliko mtoto wa Kijini.

Walimu wapo. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson aliripotiwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia, na baadaye akachukuliwa katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Watu 24 walitoka hai. Ustadi ule ulikuwa mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, siku zote, bila cheti wala mshahara. Shirika la EMEDO la Mwanza limekuwa likifanya kazi ya kuzuia vifo vya maji na jamii za wavuvi wa ziwa, kwa hiyo hata njia ya kuanzia imekwisha kupasuliwa.

Ningependa kuona halmashauri zinaanza na mialo michache. Vijana wawili au watatu wa mwalo wafundishwe kufundisha, na angalau mmoja awe mwanamke, ili wazazi wasiwe na sababu ya kuwazuia mabinti. Walipwe, maana kazi ya kujitolea hufa msimu wa dagaa unapoanza. Pawe na uzio wa miti ndani ya maji, kamba ndefu, na madumu matupu ya lita tano, ambayo kila nyumba inayo na humwelesha mtoto vizuri kabisa. Mama mmoja alee watoto wadogo asubuhi katika nyumba iliyo mbali na ufukwe. Na daftari la majina lisianze na wavulana wanaokwisha kuruka kutoka kwenye mitumbwi. Waandikwe kwanza wasichana wa miaka saba na minane wanaoshuka ziwani na ndoo kabla ya kengele ya shule, kwa kuwa hao hufika majini kila siku, na kwa kawaida hufika bila mtu mzima.